Majabali ya Masasi: visiwa visivyo na bahari

Kuna neno la Kijerumani ambalo mwanafunzi wa jiografia hukutana nalo popote alipo duniani, awe Dodoma, Berlin au Rio de Janeiro. Neno lenyewe ni Inselberg. Insel ni kisiwa, Berg ni mlima. Vitabu vingi hulipitia kwa mstari mmoja na mchoro mdogo, kisha huendelea na mito na maziwa. Mimi sijapata kuona kitabu cha shule kinachomwambia mtoto wa Masasi kwamba neno hilo limetokana na nchi anayoiona kila siku akienda kuchota maji.

Aliyelitunga ni Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa miamba na madini, ambaye kati ya 1895 na 1897 alizunguka koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, hasa huku kusini. Safari za wakati ule zilikuwa za miguu, na mizigo ilikuwa vichwani mwa wapagazi. Mtu wa basi huuona mlima wa Masasi kwa dakika kumi, kisha unapita dirishani. Mtu wa miguu huuona asubuhi, akalala njiani, akaamka akaukuta bado uko mbele yake, peke yake, umesimama wima kwenye nchi bapa kama mtu aliyeachwa na wenzake. Nadhani mwendo ule wa polepole ndio uliomfanya Bornhardt atafute mfano, na mfano alioupata ni wa bahari. Milima hii, aliona, imechomoza kwenye uwanda kama visiwa vinavyochomoza kwenye maji. Mwaka 1900 akachapisha kitabu chake kikubwa juu ya sura ya nchi na miamba ya koloni lile, na neno likasambaa. Miaka ya 1930 mwanajiolojia wa Kimarekani, Bailey Willis, akamtuza Mjerumani huyo kwa kuiita milima ya namna hii yenye umbo la kuba kwa jina lake: bornhardt. Kwa hiyo hata Mlima wa Sukari wa Rio de Janeiro, wanaoupanda watalii kwa behewa la kamba, kitaalamu unabeba jina lililoanzia kwenye vumbi la kusini mwa Tanzania.

Ukitoka Ndanda kuelekea Masasi utaelewa alichokiona. Barabara imenyooka, mikorosho iko kushoto na kulia, nchi haipandi wala haishuki. Halafu jabali. Hakuna vilima vya kukuandaa, hakuna mteremko wa kukuambia kwamba mlima unakaribia. Shamba la muhogo linaishia pale pale jiwe linapoanzia, na jiwe linakwenda juu moja kwa moja, jeusi kwenye michirizi ya maji ya mvua, la kijivu kwingine. Mtandi, ambako kanisa kuu la Waanglikana limejengwa chini yake, liko hivyo. Mkomaindo, lililoipa hospitali ya mji jina, liko hivyo pia. Mji wote umejibanza katikati ya majabali kama vyombo vilivyopangwa katikati ya mafiga.

Lakini mfano wa bahari mimi niliuelewa vizuri nikiwa Newala. Nisahihishe kwanza kosa moja linalosemwa sana Dar es Salaam, kwamba Masasi na Newala zote ziko juu ya Uwanda wa Juu wa Makonde. Masasi iko chini. Newala ndiyo iliyo juu, ukingoni kabisa mwa uwanda huo unaoanza chini upande wa pwani na kupanda taratibu hadi kukaribia mita 900 upande wa magharibi, kisha ukakatika ghafla. Mahali unapokatika, pembeni mwa mji wa Newala, watu wamepaita Shimo la Mungu. Ukisimama pale, nchi inaanguka mbele ya vidole vyako, na kule chini kabisa ni bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji.

Nilifika pale mwezi wa Julai, kipupwe, kabla jua halijatoka. Nilikuwa na koti na bado nilitetemeka. Bonde halikuwepo. Palikuwa na ukungu mweupe, mzito, uliolala bapa kama maziwa kwenye sufuria, ukiwa umeifunika nchi yote ya chini: mashamba, njia, vijiji, mto. Kila kilichokuwa cha udongo kilikuwa kimezama. Kilichobaki juu ni mawe. Huku kichwa kimoja, kule vichwa viwili vilivyokaribiana, mbali zaidi upande wa magharibi mstari wa vichwa vya rangi ya bluu. Jogoo aliwika mahali fulani ndani ya ule weupe, na mbwa akamjibu, nikajua kuna watu wanaamka chini yake.

Nikakumbuka neno jingine, la watu walio mbali sana nasi. Wainuiti wa Greenland huuita nunatak ule mlima wa mwamba unaotokeza juu ya barafu iliyoifunika nchi. Kwa ulimi wetu tungesema nunataki. Karibu sehemu nne kwa tano za Greenland ziko chini ya barafu, na mahali pengine barafu hiyo ina unene unaozidi kilomita tatu. Bara la Antaktika ndilo lililofunikwa zaidi. Mabonde yamejazwa, vilima vimezikwa, na katika safu nzima ya milima utakachokiona ni ncha tu, nyeusi, moja moja, zimechomoza kwenye weupe usio na mwisho. Mtu wa Newala aliyeamka mapema mwezi wa Julai ameshaiona nunataki. Tofauti ni kwamba weupe wetu huondoka saa tatu asubuhi, na wa Antaktika umekaa miaka mamilioni.

Mfanano huu si wa macho tu. Tumezoea kusema mlima umeinuka, umeota, umechomoza, kana kwamba mlima ndio uliofanya kazi. Nunataki haikufanya chochote. Ilikuwepo, barafu ikaja ikajaa kuizunguka, ikabaki ncha. Jabali la Masasi nalo halikufanya chochote, ila habari yake imekwenda kinyume: halikuzungushiwa kitu, liliondolewa kitu. Nchi iliyokuwa imelifunika ndiyo iliyoshuka. Mfikirie mzee ambaye meno yake yameanza kuonekana marefu. Meno hayakuota tena uzeeni. Ufizi ndio uliorudi nyuma.

Jambo hilo lilitokea hivi. Mwamba wa Masasi ni naisi, jiwe lililopikwa kwa joto na mgandamizo kina kirefu chini ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipogongana na kushikamana. Ukiliangalia kwa karibu utaona mistari ya rangi nyeusi na nyeupe iliyopindana kama unga uliokandwa. Mwamba huo haukuwa na nyufa sawa kila mahali. Penye nyufa nyingi, maji ya mvua yalipenya, na maji yakikaa ndani ya jiwe kwa muda mrefu huliozesha. Mchimba kisima yeyote wa huku anaujua mwamba uliooza, ule unaokatika kwa sururu na kumwagika kama mchanga mwekundu. Pasipo nyufa, maji hayakuwa na mlango, na jiwe likabaki zima. Miaka ikapita, mvua na mito ikaukokota udongo na ule mwamba uliooza ikaupeleka baharini, na yale mapande mazima yakabaki yamesimama. Kinachotenganisha kilele cha Mtandi na shamba la muhogo lililo chini yake ni nyufa, zaidi ya kingine chochote.

Na jabali likishatoka juu, uzito uliokuwa umelikandamiza ukaondoka, huanza kujimenya. Linabanduka maganda, ganda juu ya ganda, kama kitunguu. Ndiyo maana vilele vyake ni vya mviringo na laini, na chini yake kumelala vibao vya mawe vikubwa kama nyumba. Ukitembea juu ya ganda lililoanza kuachana na mlima, ukaligonga kwa kisigino, utasikia mvumo kama wa ngoma.

Wanasayansi wamepata namna ya kupima jambo hili, na njia hiyo hutumika kwenye nunataki na kwenye majabali vilevile. Kuna miale inayotoka anga za mbali, inayotunyeshea sote usiku na mchana bila sisi kuisikia. Ikigonga jiwe lililo wazi, hutengeneza ndani yake atomi adimu, mojawapo ikiwa ya aina ya berili. Jiwe lililofukiwa kina kirefu udongoni au chini ya barafu nene halipati miale hiyo. Kwa hiyo ukichonga kipande cha juu ya mwamba, ukahesabu atomi hizo maabara, utajua jiwe limekuwa uchi kwa muda gani. Huko Antaktika saa hii ndiyo inayoeleza barafu ilipungua lini na kwa kiasi gani: ncha ya juu ilitoka kwanza, ya chini ikafuata. Kwenye majabali ya kusini mwa Afrika saa hiyo hiyo imeonyesha kwamba mwamba mtupu hulika polepole mno, mita chache kwa miaka milioni moja. Ukiliweka hilo kwenye maisha ya binadamu, babu wa babu yako aliyelikanyaga jabali la Masasi alikanyaga jabali lile lile ulikanyagalo wewe, labda limepungua kwa unene wa ukucha tu.

Mtu ataniuliza, barafu ina uhusiano gani na Mtanzania wa Mtwara? Uhusiano upo, tena wa zamani kuliko milima yenyewe. Yapata miaka milioni 300 iliyopita, Afrika ilipokuwa imeshikamana na Amerika ya Kusini, India na Antaktika, barafu ilifika hata upande wetu wa kusini magharibi. Katika bonde la Ruhuhu, chini ya tabaka za makaa ya mawe, yapo mashapo yaliyoachwa na barafu hiyo: mawe ya kila ukubwa yaliyochanganyika ovyo kwenye tope lililogeuka jiwe, kwa sababu barafu haichagui kama mto, hubeba chochote na kukitua popote.

Na barafu nyingine ingalipo, ingawa kwa shida. Yapata miaka 20,000 iliyopita, dunia ilipokuwa na baridi kuliko sasa, Mlima Kenya ulikuwa umevaa barafu pana iliyoteremka mabondeni, na juu yake zikatokeza ncha za Batian na Nelion. Hizo zilikuwa nunataki halisi, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Batian ina mita 5,199, na inanivutia kwa sababu asili yake inafanana na ya majabali yetu. Ni uji wa volkano ulioganda kooni mwa mlima. Mlima wenyewe, uliokuwa mrefu zaidi, ukamomonyoka, koo likabaki. Mpakani mwa Uganda na Kongo, kwenye Rwenzori, vilele vichache vya mwamba bado vina barafu, lakini kila msimu mwamba unaongezeka na barafu inapungua.

Kwetu ni Kilimanjaro. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji huku Afrika, wakubwa wa elimu ya jiografia London walimcheka. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilipopimwa, ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12. Ilipopimwa tena 2011, zilibaki chini ya mbili. Asilimia 85 imekwenda. UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya huenda isiwepo ifikapo 2050. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka huu Masasi anaweza kuwa mwalimu wa jiografia, akafundisha wanafunzi ambao hawajawahi kuiona picha mpya ya Kibo yenye weupe. Mwamba uliofichwa kwa maelfu ya miaka utakuwa wazi, na saa yake ya miale itaanza kuhesabu. Kinachonisumbua ni kasi. Masasi, kuondoka kwa nchi kuyazunguka majabali kulichukua miaka isiyohesabika. Kibo, jambo la namna hiyo limetokea ndani ya umri wa bibi yangu.

Nunataki zina wakazi, na hili watu wengi hawalijui. Huko Antaktika, mahali paitwapo Svarthamaren, kilomita kama 200 kutoka baharini, ndege wa bahari kwa maelfu hutaga mayai kwenye mteremko wa mawe uliozungukwa na barafu pande zote. Hakuna chakula pale. Kila tonge la kinda hufuatwa baharini na kurudishwa juu ya jangwa la barafu, kwa sababu mahali pakavu pa kuweka yai ni haba huko. Kwenye majabali ya Afrika Mashariki pia kuna viumbe waliojipatia makao wasiyoyapata uwandani. Pimbi wanaota jua kwenye vibao, tai anawawinda kutoka juu. Katika nyufa kuna mimea inayokauka kabisa kiangazi, majani yakawa kama karatasi ya kuwashia moto, mtu akaapa imekufa. Mvua ya kwanza ikinyesha, baada ya siku moja au mbili imekuwa kijani tena.

Watu nao walikimbilia huku. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili cha Unguja, alitoka Zanzibar na kundi la watumwa walioachiwa huru. Walikuwa wakielekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi hawakuendelea. Nchi ilikuwa nzuri, maji yapo, na baadhi yao walikuwa watu wa pande hizi hizi za bara walikotekwa. Wakajenga chini ya majabali. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, walishambulia, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Misheni ikahamia kwa muda Newala, kwa chifu Matola. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, Masasi ikachomwa tena. Kila mara watu walirudi kwenye mawe yale yale.

Kilichowarudisha ni maji, na hapa ndipo tofauti ya Masasi na Newala inapouma. Jabali halinywi mvua. Tone likidondoka juu ya mwamba mtupu huteremka mpaka chini, na pale jiwe linapokutana na udongo, maji huzama na kukaa. Ndiyo maana miembe mikubwa ya Masasi imejipanga miguuni mwa majabali, na visima vifupi viko huko. Uwanda wa Makonde ni mchanga, ndani kabisa. Mvua inanyesha nyingi, na yote inazama mpaka huko isikofikika. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka ukingo alfajiri na kupanda na mitungi jua likiwa kali, na hata sasa maji ya bomba hupandishwa kwa mashine kutoka mabondeni, kama kwenye chanzo cha Mitema. Simulizi ya asili ya Wamakonde husema wazee wa kwanza walikaa karibu na mto wakafiwa na watoto, ndipo wakapanda juu kuishi mbali na maji. Ni simulizi ya watu waliojua walichokiacha bondeni na kwa nini.

Kwa hiyo mtu anapolipasua jabali la Masasi hapasui jiwe tu. Anapasua paa la kukinga maji.

Na majabali yanapasuliwa. Nje kidogo ya mji nilimkuta mama mmoja chini ya kibanda cha nguzo nne na kanga kuukuu. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba bila kuacha kazi. Mbele yake palikuwa na jiwe bapa, juu yake duara la mpira lililokatwa kwenye tairi. Huweka jiwe ndani ya duara ili vipande visiruke machoni, akaligonga kwa nyundo mara tatu, nne, kisha akafagia kokoto kwa kiganja kuelekea kwenye debe. Alinieleza kwamba vijana ndio wanaoleta mapande. Wanawasha moto wa magogo juu ya jabali jioni, jiwe likishapata joto linaachia, ganda linabanduka lenyewe kwa kishindo. Nikasimama nikifikiria. Ni ile ile kazi ya kujimenya kama kitunguu, ila iliyochukua miaka elfu sasa inamalizwa kwa usiku mmoja, na kuni zake zinatoka kwenye miti michache inayoushikilia udongo palepale miguuni.

Simlaumu mama yule. Debe lake ndilo linalonunua daftari na mafuta ya taa, na nyumba zetu tunazojisifia zimesimama juu ya kokoto zake. Lakini halmashauri zetu za kusini zina wajibu wa kusema wazi jabali lipi lipasuliwe na lipi liachwe. Yale yaliyo juu ya visima, makanisa, misikiti, shule na hospitali yaachwe kabisa. Mwamba wa kokoto unaweza kuchimbwa kwenye machimbo rasmi mbali na mji, na wapasuaji wakapewa nafasi huko pamoja na miwani na usafiri. Shule za Masasi zipeleke watoto wa jiografia juu ya majabali haya kwa miguu, waambiwe kwamba dunia nzima iliazima neno kutoka hapa.

Nilipoaga, mama akaokota kipande kisichoingia kwenye kipimo chake cha kokoto akanipa, kama mtu anavyompa mgeni embe. Kiko mezani pangu ninapoandika, nimekiweka juu ya karatasi. Upande mmoja ni mweusi, umekula jua na mvua tangu kabla ya Bornhardt, kabla ya Steere, kabla ya yeyote aliyewahi kuyapa majabali haya jina. Upande wa pili, uliopasuliwa asubuhi ile, ni mweupe na unametameta. Umeanza kuona jua juzi.